Nilivyopata watu Dodoma

Mtu akihamia Dodoma huulizwa kwanza habari za kiwanja. Umepata wapi, kimepimwa, maji yamefika? Baada ya hapo huulizwa shule za watoto. Mimi ilipita muda mrefu kabla mtu hajaniuliza unaishi na nani, na aliyeuliza alikuwa daktari niliyemwendea kwa ajili ya mgongo. Naandika haya kwa ajili ya wale wanaofungasha mizigo sasa hivi, na wale ambao tayari wapo hapa, wana kazi, wana nyumba nzuri, lakini Jumapili saa tisa alasiri hawana mlango wa kubisha hodi.

Mimi ni mtunza kumbukumbu, mtu wa masijala. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, kabla sijazaliwa, na kwa miaka mingi tuliuzungumza kama jambo litakalowakuta wajukuu. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahama kweli, na mwaka uliofuata nikawa miongoni mwa waliopakia majalada kwenye maboksi. Mume wangu akabaki Dar es Salaam na duka lake. Watoto walikuwa bweni. Nikapanga vyumba viwili upande wa Ilazo, nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikanunua pipa la maji na jiko la gesi, basi, nikawa mkazi.

Nilizaliwa Muheza, kwenye minazi na michungwa, ambako ukitupa kokwa uani linaota. Dodoma nilifika mwezi wa nane. Wanaoijua Dodoma wanajua mwezi wa nane ukoje: ardhi nyekundu, upepo unavuma tangu asubuhi, miti imesimama bila jani, midomo inapasuka. Mvua za huku ni msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi mingine yote mtu anangoja. Niliiona nchi imekufa, na nikaamini nimepelekwa mahali pasipo na kitu cha kupenda.

Siku za kazi zilikwenda. Shida ilikuwa Ijumaa. Wenzangu walifika ofisini na mabegi, saa tisa na nusu alasiri wako njiani kwenda stendi, usiku mkubwa wanashuka Ubungo, Jumapili wanarudi. Nami nilifanya hivyo mpaka nauli na uchovu vikanishinda. Tuliobaki tulifunga mageti. Nilikaa mtaa mmoja na watumishi wa wizara tatu tofauti na sikujua jina la mtoto wa mtu hata mmoja. Nikaacha kupika, nikawa nakula chai na mkate. Usiku niliwasha redio ikaongea mpaka asubuhi ili chumba kisikae kimya. Yule daktari hakunipa dawa ya mgongo. Aliniambia, "Dada, tafuta watu." Nilitoka pale nimekasirika, kwa sababu hakuniambia wanatafutwa wapi.

Nilijiunga na kwaya, na ilinisaidia kiasi. Ila karibu waimbaji wote walikuwa wahamiaji kama mimi, na mazungumzo yetu baada ya mazoezi yalikuwa ya Dar: foleni za Dar, samaki wa Feri, nani kapata uhamisho wa kurudi. Ofisini tulikuwa na utaratibu wa kuchanga. Tulinunua sukari, sabuni, mafuta ya kula na madaftari, tukapeleka kituo cha watoto. Tulipokewa kwa nyimbo, tukapiga picha, tukaondoka. Sisemi ni vibaya. Sabuni inahitajika na sukari inaliwa. Lakini mtu mpweke asitegemee kupata ndugu kwa njia ile. Anayefika mara moja na mzigo hubaki mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hupewa kiti, hapewi kazi. Mimi nilihitaji kupewa kazi.

Kazi ilikuja kwa njia ambayo sikuitazamia. Mwaka 2019 taasisi moja iliandaa siku ya kupanda miti kwenye kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mbele ya Buigiri kidogo ukiwa unaelekea Morogoro. Ofisi yetu ikaalikwa. Kulikuwa na fulana, hotuba, na malori ya miche. Tulipanda mwishoni mwa Machi, mvua zikiwa ukingoni. Mwezi wa tisa nilipita tena pale nikimsindikiza mwenzangu kutazama shamba. Miche ilikuwa vijiti. Mingine ilikuwa bado na mfuko wake wa plastiki shingoni.

Jirani na eneo lile kuna nyumba ya tembe, na nje yake bibi mmoja alikuwa anaanika majani ya mlenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ulikuwa na wale wa miti?"

"Ndiyo, bibi. Naona imekufa."

"Iliachwa. Mti wa kuletwa una kazi, unataka mtu wa kuulea." Akafuta mikono kwenye kanga. "Njoo nikuonyeshe isiyoachwa."

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Nilichokiona mimi kilikuwa kichaka cha miiba kinachonifika magotini. Yeye alikuwa anaona mgunga. Alinieleza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kigogo, kwamba pale palikuwa na mti mkubwa uliokatwa kwa mkaa zamani. Mti ukikatwa mizizi haifi. Inabaki chini, na kila mvua inaponyesha hutoa machipukizi mengi kwa pamoja. Mbuzi wanakuja wanakula, jembe linapita linakata, mwaka unaofuata yanachipua tena. Ndiyo maana unaona kichaka kilekile miaka na miaka, hakikui wala hakifi. Unachofanya ni kuchagua machipukizi machache, mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, ukakata mengine yote, ukapogoa matawi ya chini ya yale yaliyobaki, ukafunga kitambaa cha rangi ili kila apitaye ajue mti huu una mwenyewe. Halafu unalinda.

Njia hii huku wanaiita kisiki hai. Aliyeieneza sana duniani ni Tony Rinaudo, raia wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Niger miaka ya 1980, baada ya miche yake mingi kufa jangwani. Dodoma imefundishwa kijiji kwa kijiji na LEAD Foundation ya Mpwapwa ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi tangu 2018. Bibi alikuwa amefundishwa na mkufunzi wa kijiji chake, naye akaongeza ya kwake aliyoyajua tangu utoto: mti gani mbuzi hawaupendi, upi unavumilia moto, wa aina gani ukiuacha katikati ya uwele hauuzuii uwele kuzaa.

Nilisimama pale muda mrefu. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata, ila nakumbuka nilitazama upande wa pili, kwenye uwanda wote ule niliokuwa nikiuita mtupu kwa miaka miwili, na sasa kila kichaka kilikuwa mti unaosubiri mtu. Nikamwomba bibi niwe nakuja Jumamosi kusaidia. Akatazama viatu vyangu.

"Njoo. Uje na panga lako."

Jambo la kwanza alilonifanyisha halikuwa la panga. Alinipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukasalimia, nikaeleza ninatoka wapi na ninataka nini. Nawasihi wote wanaotaka kuanza jambo kama hili wasiruke hatua hii. Tangu Serikali ihamie, ardhi ya pembezoni mwa Dodoma imepanda bei sana, na vijiji vimeona madalali wa kila namna. Mtu asiyefahamika akitembea mashambani na simu mkononi, akielekeza kidole huku na kule, watu wanaingiwa na hofu, na wana haki. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naacha simu kwenye begi. Niliona wazi jinsi sura zilivyolegea siku walipoelewa kwamba sipigi picha na siulizi bei ya ekari.

Jumamosi za mwanzo zilikuwa ngumu. Mwiba wa mgunga unapita kwenye soli ya raba. Nilikwenda kituo cha afya nikachoma sindano ya pepopunda, nikanunua glavu za ngozi na mabuti ya mtumba, soko la Sabasaba. Tulianza kukiwa bado na ubaridi, kwa sababu ikifika saa tano jua linakuwa kali na hakuna kivuli. Kazi ya kupogoa inafaa wakati wa kiangazi, mti ukiwa umelala. Unakata kwa panga kali, kwa pigo moja, mkato uelekee nje ili maji yasikae juu ya jeraha. Matawi ya chini unaondoa mpaka nusu ya urefu, usizidishe, maana mti mwembamba ukibaki na shada la juu tu upepo wa Dodoma unauvunja. Matawi yaliyokatwa ni kuni, na kina mama waliyagawana palepale. Yenye miiba mingi tuliyazungushia visiki vilivyo karibu na njia ya mbuzi.

Mwenzangu wa ofisini aliyeanza nami aliacha baada ya muda mfupi. Alisema haoni matokeo. Kweli, mwaka wa kwanza hakuna cha kumwonyesha mtu. Kuna vitambaa vya kanga vilivyochakaa vikipepea kwenye vijiti. Mvua ya pili ndiyo ilinishangaza: vijiti vilinipita urefu. Mche wa kununua huanza na mizizi ya kiganja kimoja, na kiangazi kirefu kinaikuta juu juu. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kushuka kwenye unyevu miaka mingi, kwa hiyo kikiachiwa tu njia kinakimbia. Hakimwagiliwi maji wala hakinunuliwi. Mvua ya tatu nyasi zilikuwa zimeshika chini ya miti, na tuliona hondohondo wakirudi kukaa.

Kuna mtaalamu mmoja wa maji, tuliyekutana kikazi, aliyenifungua macho zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma hutoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Kina cha maji kwenye bonde lile kimekuwa kikiandikwa kwa zaidi ya nusu karne, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba bonde halijazwi na kila mvua. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño, halafu tunakunywa akiba hiyo kwa miaka. Kwangu mimi mtu wa majalada hilo lilikuwa jambo la kunigusa sana: kuna watu waliopima na kuandika kwa uaminifu, mwaka baada ya mwaka, wengine wakijua hawatakuwepo jibu litakapopatikana. Nilianza kuelewa kwamba maji ninayofungua bombani Ilazo yalinyesha zamani, na ardhi yenye miti na nyasi ndiyo inayoyapa maji nafasi ya kuzama badala ya kukimbia na udongo.

Wazee wa mkoa huu wanalijua jambo la udongo kwa uchungu. Kondoa mmomonyoko ulikuwa mkubwa hivi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Uoto ulirudi. Lakini gharama waliibeba wenye mifugo, na babu mmoja kijijini, ambaye ana ndugu huko, kila mara tukizungumza habari za mbuzi alitukumbusha hilo. Kwa ajili yake, kikundi chetu cha visiki kilikubaliana na wafugaji kabla ya kuweka vitambaa: wapi mbuzi wanapita, wapi hawapiti, na mwezi gani. Mikutano ile ilichosha kuliko panga. Naiona sasa kama sehemu ya kazi iliyo muhimu kuliko zote.

Tukiwa kwenye kazi bibi alisimulia. Mama yake alimwambia habari za Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, majeshi yalipochukua ng'ombe na nafaka, halafu mvua zikakosekana. Watu waliishi kwa vya porini, ubuyu na majani na mizizi, na kwa yule mtu waliyewahi kumpa kitu. Hakusema kwa kunifundisha. Alikuwa anapogoa mkwaju na akili yake ikaenda huko. Ila nilipokuwa narudi mjini jioni ile nilihesabu kichwani watu niliowahi kuwapa kitu chenye uzito, na orodha ikaisha haraka.

Kisha ukaja msiba. Jirani wa bibi alifiwa na mume katikati ya wiki. Nilipigiwa simu na kijana mmoja wa kikundi, hakunialika wala kuniomba chochote, alinijulisha tu. Nikaomba ruhusa kazini. Mjini tulikuwa tumezoea kufika, kusaini, kutoa bahasha, kukaa nusu saa na kuondoka. Kule nilifika na unga na sukari, nikasalimia wafiwa, nikafunga kanga ya pili kiunoni, nikaenda nyuma walipo kina mama. Hakuna aliyeniambia nikae. Mama mmoja alinisogezea sufuria kubwa na majivu. Nilisugua masufuria mpaka jioni, nikachota maji, usiku nikalala kwenye mkeka pamoja nao. Walilia, walinyamaza, walizungumza habari za mbegu na za shule, wakalia tena. Nilimlilia marehemu ambaye tulisalimiana njiani tu, na nilimlilia baba yangu, ambaye nilimzika Muheza kwa siku mbili za ruhusa na kurudi kazini bila kumlilia. Asubuhi yule mama wa masufuria aliniita kwa jina la mwanangu mkubwa. Sijui alilipata wapi.

Tangu siku hiyo sikuwa tena mgeni wa bibi. Kila kitu kabla ya hapo kilikuwa cha mlangoni. Mtu akiniuliza ajenge vipi uhusiano na watu wa mahali alipohamia, namwambia asikose msiba, na akienda aende jikoni. Msiba mwingine ulipotokea, wazee walinikabidhi daftari la rambirambi, kwa kuwa ninaandika vizuri na sina ukoo pale wa kuupendelea. Nimeshika majalada ya viongozi wakubwa katika kazi yangu. Hakuna nililolishika kwa woga kama lile daftari.

Hapo ndipo nilipogundua ninachoweza kutoa ambacho hakikuwepo. Mikono ya kupogoa walikuwa nayo mingi na mizuri kuliko yangu. Mtu wa kupanga kumbukumbu hawakuwa naye. Nikaanza kuandika daftari la kikundi: visiki vya kila kaya, makubaliano na wafugaji, fedha za hisa. Naandika mbele yao, nasoma kwa sauti, daftari linalala kwa mwenyekiti, silibebi kwenda mjini. Ukitoa ujuzi wako, uache pale unapoutoa, na mfundishe mtu. Sasa binti aliyemaliza kidato cha nne ndiye anayeandika, mimi nasahihisha hesabu tu.

Jambo la damu nalo lilitokea huko. Mjukuu wa bibi alijifungua akatokwa damu nyingi, akakimbizwa hospitali mjini. Damu ilikuwepo, haiuzwi, na aliongezewa. Ndugu wakaombwa wapeleke watu wa kuchangia ili akiba isiishe. Wengi waliogopa. Wapo waliosema ukitoa unakuwa mlevi wa kutoa, wapo walioogopa kupimwa. Mimi niliogopa sindano, na nilikwenda nikiwa natetemeka. Walinipima uzito, ambao lazima uwe kilo 50 au zaidi, wakanichoma kidole kuangalia wingi wa damu, wakaniuliza maswali ya afya faraghani. Umri ni kuanzia miaka 18 hadi 65. Kutoa kwenyewe ni dakika chache, chini ya nusu lita, kisha soda na kukaa kidogo. Damu hupimwa VVU, homa ya ini, kaswende, na majibu ni siri yako. Mwanamke anaweza kurudia baada ya miezi minne, mwanaume miezi mitatu.

Muuguzi alinieleza jambo lililonifanya nirudi. Chembe nyekundu za damu zikihifadhiwa baridi hudumu wiki chache tu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku chache mno. Huwezi kukusanya damu mwaka huu ukaweka ya mwaka kesho. Tena wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hupungua. Nikaweka alama kwenye kalenda: Juni na Desemba, likizo zinapoanza, nenda. Ninapotoa sasa sijui inakwenda kwa nani. Mara ya kwanza nilikwenda kwa ajili ya mtu niliyemjua sura, na mtoto wake siku hizi ananikimbilia nikishuka kwenye bodaboda, lakini najikuta nawapenda vilevile hao nisiowajua. Nikipita wodini nikamwona mtu amelala na chupa nyekundu juu yake, simwoni kama mtu baki.

Bibi alikuja mjini baada ya mjukuu wake kupona. Alipanda basi dogo, akaulizia mpaka akafika getini kwangu Ilazo, na kifurushi cha mlenda mkavu na njugu mawe. Alikaa kutwa. Alikuwa mtu wa kwanza kula kwenye nyumba ile bila kuwa amealikwa.

Sitaki mtu afikiri haya hayana gharama. Nauli ya kila Jumamosi ni fedha. Michango ya misiba, harusi na ada za watoto wa watu huja mfululizo, na mtumishi anayetoka mjini anadhaniwa ana mfuko usioisha. Kulikuwa na kipindi nilikopa ili nimkopeshe mtu. Bibi aliposikia alinikanya mwenyewe: "Ukitoa ng'ombe wa maziwa, kesho utampa nini mtoto?" Tangu hapo nina kiasi changu cha mwezi, kikiisha nasema kimeisha, na nimeona hakuna aliyenichukia kwa kusema hivyo mapema na kwa adabu. Wanaochukiwa ni wanaoahidi.

Gharama kubwa zaidi ilikuwa nyumbani. Mume wangu alihisi nimewapa watu baki Jumamosi zilizokuwa zake, na kwa kiasi alikuwa na haki. Tuligombana kwa simu, maneno mazito. Kilichosaidia ni kumleta. Alikuja mara ya kwanza amenuna, akakaa na babu yule mwenye ndugu Kondoa, wakazungumza habari za ng'ombe mpaka jua likazama. Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa ya saa chache, na sasa yeye ndiye anayekuja. Duka analiacha kwa mdogo wake. Kama una mwenza, mshirikishe mwanzoni kabisa, kabla hajawasikia watu wako wapya kama majina ya washindani.

Julai huwa tunakwenda pamoja Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo. Wanaomkumbuka marehemu Hukwe Zawose na zeze lake wanajua muziki huu ulifika mbali duniani, lakini kuusikia kwao ni jambo jingine: sauti zinapishana, kila kundi na njia yake, na kina mama wa muheme wamebana ngoma katikati ya miguu, wameinama kidogo, mikono haionekani kwa kasi. Kina mama wa kikundi chetu walinipa ngoma wakati wa mazoezi. Viganja vilivimba na mpigo nilikuwa nauvuruga. Hawakuninyang'anya. Mmoja alisimama pembeni yangu akapiga polepole, akinitazama usoni, mpaka mikono yangu ikaufuata wa kwake. Kwa mtu aliyekuwa analala na redio, ile saa moja ilikuwa kubwa mno.

Wenzangu wengine wamepata watu wao kwingine, kwenye timu za mpira, kwenye kufundisha watoto hesabu jioni, kwenye kusafisha msikiti au kanisa. Si lazima iwe miti. Ila nimewatazama, na naona wote waliofanikiwa walishika siku moja ileile ya wiki, mahali palepale, kwa kazi ambayo wasipofika inaonekana. Waliojaribu mambo mengi mara mojamoja bado wanalalamika kwamba Dodoma haina watu.

Ukitaka kuanza kwenye visiki, mwezi wa sita mpaka wa kumi ndio wakati, kabla ya mvua. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji kilicho karibu nawe, salimia, ulizia kama kuna mkufunzi wa kisiki hai au kikundi cha mazingira; vijiji vingi vya Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Kondoa vina watu waliofundishwa. Panga lako liwe limenolewa, uwe na glavu za ngozi, viatu vya soli ngumu, kofia, na maji ya kukutosha wewe na mtu mmoja zaidi. Uliza mti ni wa nani kabla hujaukata tawi. Na ukipewa chakula, kaa ule, hata kama una haraka ya kurudi mjini.